Njia ya Chuo Ilipita Jikoni kwa Shangazi

Niliondoka Mkata nimenuna, sifichi. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha chuo, na namba za kuthibitishia zilikuwa kwenye simu ya shangazi yangu Mwanahawa, Korogwe, naye amekataa katakata kunisomea.

Nieleze kwa wasiopita njia hii. Ukimaliza kidato cha sita unaomba vyuo kwa mtandao, unapanga kozi unazozitaka. Mimi nilisoma Fizikia, Kemia na Hisabati hapo Korogwe, nikiishi kwa shangazi. Nikachaguliwa vyuo viwili: kimoja ualimu, kingine uhandisi wa usimamizi, ambao ndio ulikuwa unaninyima usingizi. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima useme unakwenda wapi, na unasema kwa kujaza namba zinazotumwa kwenye simu uliyoiandika siku ya kuomba. Usipothibitisha, nafasi anapewa mwenzako. Sasa mimi siku ya kuomba sikuwa na simu, shuleni zimekatazwa, nikaandika ya shangazi. Wengi wetu hufanya hivyohivyo. Tunaandika namba ya mama, ya mjomba, ya mwenye duka, halafu tunarudi kwetu na kusahau kabisa.

Jana yake nilimpigia.

"Shangazi shikamoo, ni mimi Zaituni. Kuna ujumbe umeingia hapo, nisomee zile namba."

"Zaituni gani?"

"Wa kaka yako! Wa Mkata!"

"Hata yule aliyenililia kwamba amelazwa hospitali alisema ni mtoto wa kaka yangu. Na sauti kama yako hivyohivyo. Namba hazisomwi kwa simu. Kama ni wewe, njoo nikuone."

Akakata. Matapeli walishamliza mara moja, na tangu siku hiyo ameapa. Baba, ambaye ni kaka yake wa damu, akampigia mwenyewe. Naye akaambiwa aje aonekane.

Asubuhi baba alinisindikiza mpaka barabarani. "Huo uhandisi wako wa usimamizi," akaanza, maana hajaacha kunitania tangu alipousikia, "utajenga daraja, au utasimama pembeni unalitazama?"

"Baba, wewe mahindi yako ya Misima yalinyeshewa wapi?"

Tuna shamba Misima. Msimu uliopita magunia yalilala nje yakisubiri gari, mvua ikayakuta, na wakati huohuo malori yalikuwa yanapita hapa Mkata matupu. Hakuna aliyekuwa mvivu, mkulima alilima na dereva aliendesha. Kilichokosekana ni mtu wa kupanga watu, magari na kazi vikutane. Hiyo ndiyo kozi yenyewe: hesabu za uhandisi, lakini unazitumia kupanga kazi. Nilipomweleza hivyo alikuna kidevu, akanisimamishia basi la Kosta.

Kabuku tulipita upesi. Michungwani wauzaji walikimbilia madirishani na vikapu vya machungwa, na mimi, ninayependa machungwa kuliko kitu chochote, sikununua hata moja. Macho yalikuwa kwenye saa ya simu. Segera dereva akashuka kunywa chai. Jamani! Abiria wote wakashuka naye, wanacheka, wanachagua vitumbua, na mimi nimebaki kitini nakunja na kukunjua kanga. Haraka haraka haina baraka, konda aliniambia. Nilimtupia jicho moja tu, akaenda zake.

Baada ya Segera yalikuja mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka inachosha macho, na mbele yake milima ya Usambara na ukungu wake. Hapo moyo ukatulia kidogo. Niliishi chini ya milima ile nikisoma usiku na mchana, na sikuwahi kufika Korogwe nikakosa nilichokifuata.

Korogwe nilimkuta shangazi soko la Manundu, kwenye meza yake ya nyanya. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. Akanishika shavu, akalivuta.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kweli ni wewe."

"Basi simu, shangazi."

"Simu haina miguu. Umekula?"

Niliapa kwamba nimeshiba. Nilipoteza pumzi bure. Kwa shangazi mgeni hatoi shida yake akiwa na njaa, hata awe nani. Amewahi kumlisha mtu aliyekuja kumwambia habari za msiba, kwanza ale ndipo aseme. Akamwachia jirani nyanya zake, akanikokota mpaka nyumbani, akabandika maji ya bada, ule ugali wetu wa muhogo. Akatwanga kisamvu taratibu huku akiniuliza habari za kila mtu wa Mkata, mpaka mbuzi. Mimi najibu kwa neno mojamoja. Hasira zimenifika hapa.

Chakula kikaja. Nikaonja kisamvu, hakina chumvi hata chembe. Maneno mengi yale yamemsahaulisha.

"Kitamu?"

"Kitamu sana, shangazi."

Ungesema nini wewe? Nikameza haraka haraka, nikanawa. Yeye hakula, alisema atakula baadaye. Ndipo akaifungua simu, kitochi chake, kutoka kwenye fundo la kanga. Ujumbe ule ameufuta! Kila ujumbe wenye namba asizozijua huufuta. Nikaingia kwenye mfumo kwa simu yangu, nikaomba namba mpya. Kitochi kikalia. Akanigeuzia mgongo akausoma kwanza yeye, ndipo akanipa. Nikajaza, nikachagua uhandisi wa usimamizi, nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, kisha ukurasa ukarudi mwanzo. Nikaona imekubali. Nikaruka, nikamkumbatia, nikakimbilia stendi, nikaikuta Kosta ileile ya asubuhi ikigeuza.

Njiani kurudi, karibu na Michungwani, nikasema niangalie tena kwa raha zangu. Nikafungua. Mfumo ukaniambia bado sijathibitisha.

Kumbe mtandao ulikatika katikati, na mimi kwa uroho wa kuamini sikusoma. Kurudi Korogwe jioni ile, nani angenihakikishia gari? Nikaomba namba nyingine, ikaenda kulekule. Nikapiga.

"Shangazi, ni Zaituni. Haikukubali. Nakuomba, nisomee namba iliyoingia sasa hivi."

Nilisikia sahani ikiwekwa chini.

"Zaituni yuko garini," akasema. "Nimeachana naye sasa hivi. Matapeli mna haraka nyie!"

"Ni mimi, shangazi! Wallahi ni mimi! Nafasi yangu inapotea!" Nililia mbele ya abiria wote, sikujali.

"Ngoja," akasema. Sauti ilikuwa imepoa kidogo. "Kama ni wewe, umekula nini kwangu leo?"

"Bada na kisamvu."

"Korogwe nzima inakula bada na kisamvu. Kisamvu kilikuwaje?"

Nikafunga macho. "Shangazi, nisamehe. Hakikuwa na chumvi."

Kikaja kicheko, kile cha kwake cha kupiga paja.

"Nimekaa kula sasa hivi, nimetema! Tapeli angesema kitamu. Na wewe mbona mezani ulisema kitamu?"

"Adabu, shangazi."

"Shika kalamu, mwanangu."

Akanisomea namba moja moja, polepole, mwanamke aliyeapa kwamba namba haitoki tena mdomoni mwake kwa simu. Mama wa kiti cha pili akanipa kalamu, nikaandika kiganjani. Nikajaza. Safari hii sikubonyeza nikaruka. Nilisubiri duara likazunguka mpaka likachoka, nikasoma kila neno: nimethibitisha, uhandisi wa usimamizi. Konda yuleyule alinunua machungwa akanigawia, nami nikayala yote.

Mkata baba alikuwa barabarani. Hakuuliza, alinitazama usoni tu, akanipokea mfuko. "Basi," akasema tukitembea, "yale ya Misima yanakungoja."

Sasa nakusanya vyeti halisi na cheti cha kuzaliwa, na wiki ijayo nakwenda kupimwa afya, maana chuo kinataka fomu ya daktari. Wadogo zangu mnaoomba mwakani, andikeni namba ya simu mtakayokuwa nayo mkononi, na msibanduke mpaka msome neno la kuthibitishwa kwa macho yenu. Lakini mkifika kwa shangazi mkaambiwa kaeni mle, kaeni. Mimi chakula kile nilikiona kinanichelewesha, na ndicho kilichonipeleka chuo.

Jana shangazi alipiga mwenyewe. Ule ujumbe wa mwisho hajaufuta, ameuonyesha soko zima. "Siku ya kwenda chuo pitia hapa kwanza," akasema. "Nina deni lako la chumvi."