Taarifa Niliyoandika Juu ya Baba Yake Skola

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya pale Njombe alinikabidhi daftari, akanipa na onyo. "Binti," alisema, amejikunyata ndani ya koti lake, "wewe si polisi wala si padri. Utaingia nyumba za watu, utaandika ulichokiona, kisha hakimu ataamua. Watakaokuchukia ni wengi. Zoea."

Baadaye nikahamishiwa Makambako. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara binafsi. Kila mwenye uwezo alinunua pikapu, na barabara ikajaa magari ya watu binafsi yaliyobeba viazi, mbao na abiria pamoja. Fidelis alikuwa mmoja wa madereva hao. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti wa miaka tisa, Skola. Alimpenda sana. Hakutaka abaki nyumbani peke yake, kwa hiyo akitoka shule alimpakia mbele, wakazunguka pamoja. Tatizo lilikuwa ulanzi. Mianzi ikianza kutoa pombe yake, Fidelis alikunywa kila aliposimama kupakia mzigo.

Alasiri moja pikapu ikaingia mtaroni. Fidelis alitoka mzima. Skola akavunjika mkono. Polisi walimshtaki baba kwa kuendesha akiwa amelewa, na hakimu akaniagiza taarifa ya uchunguzi, yaani maelezo ya mtoto anaishije na nani anafaa kumlea.

Nilimkuta Skola wodini.

"Baba hakusinzia sana," aliniambia kabla sijamuuliza lolote.

"Kwani huwa anasinzia?"

"Akisinzia mimi nashika usukani. Siku ile lilikuja lori, nikachelewa kukata kona." Akanitazama. "Mama, usimwambie hakimu. Watamfunga."

Nilirudi ofisini nikaandika yote, neno kwa neno.

Mahakamani taarifa ilisomwa Fidelis akiwa amesimama. Ilipofika pale pa usukani, hakimu alimuuliza kama ni kweli.

"Sikujua, mheshimiwa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani naendesha mimi."

Hakufungwa, ila alinyang'anywa leseni, na Skola akakabidhiwa kwa shangazi yake wa kijijini Yakobi, ambaye sheria ilimwita "mtu anayefaa". Nilimpeleka mwenyewe kwa basi. Njia nzima alinigeuzia mgongo.

Baba aliruhusiwa kumtembelea Jumapili. Mara mbili alikuja amenyoa, viatu vinang'aa. Mara ya tatu alikuja amelewa. Shangazi akafunga mlango. Mtoto akalia ndani, baba akalia nje. Baada ya hapo Fidelis akateremkia Manda, kupakua mizigo ya maboti ya Ziwa Nyasa, na kwa miaka sita hatukusikia habari zake.

Aliporudi, Skola alikuwa kidato cha pili, nami nilikuwa nimerudishwa Njombe. Fidelis alikuwa amekonda, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikawakutanisha ofisini.

"Shikamoo, baba," alisema Skola, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mimi.

"Marahaba. Mwanangu, nimeacha pombe."

"Hongera, baba."

Basi. Nikawaagizia chai, wakainywa kama wageni wawili.

Nimestaafu sasa. Maofisa vijana huniuliza kama nilitenda haki. Ningeandika vilevile hata leo, maana gari lile lingemuua mtoto. Lakini sijivunii. Kumtenga mtoto na mzazi tulikuwa na fomu yake na muhuri wake. Kuwapatanisha hatukuwa na fomu, wala hakuna bosi aliyenifundisha, na huko ndiko nguvu zangu zilikoishia.

Mwaka jana nilimtembelea Skola. Ni mama wa watoto wawili. Nikamuuliza lile nililoogopa kumuuliza miaka yote, kama amenisamehe.

"Wewe nilikusamehe zamani, mama," alisema, akipepeta mchele. "Baba ndiye bado."

"Yuko wapi siku hizi?"

Akaashiria kwa kidevu chumba cha uani.

"Anaishi hapa. Ngoja nimpelekee maji ya kuoga, halafu tule."