Kiwiko cha Shemeji

Mama Unga hakumpenda shemeji yake tangu siku ya kwanza alipokuja kumposa mdogo wake, na aliposikia kwamba sasa ndiye msimamizi wao kiwandani, hamu ya kula ilimwisha siku mbili. Mwanamume mwenyewe maneno mengi, kazi kiduchu.

Kazi ya Mama Unga, miaka kumi na mmoja sasa, ilikuwa kulisha mashine ya rangi. Rangi yenyewe si ya maji. Ni unga mkavu unaopulizwa kwenye fremu za madirisha kabla hazijaingia kwenye tanuri. Pampu inauvuta unga kutoka kwenye mfuko, unapita kwenye mpira, unaingia kwenye tangi lililokaa juu ya mizani. Uzito ukishuka chini ya kilo ishirini, pampu inavuta unga mwingine, ukitosha, inaacha. Yeye ni kuhakikisha yote yanakwenda sawa, na kunyamaza akitukanwa.

Mwezi ule fremu zikaanza kutoka na rangi nyembamba, zimepauka. Si zote, wala si kila saa. Shemeji akamwandikia barua ya onyo, kisha ya pili.

"Ya tatu ni kwenda nyumbani, shemeji," alimwambia mbele ya watu, meno yote nje. "Umezeeka. Kalee wajukuu."

"Wajukuu wana mama yao. Wewe niletee fundi aangalie pampu."

"Pampu nzima. Mbovu ni wewe."

Mama Unga aliupuliza mpira, akachekecha unga, akabadilisha vichujio kwa mikono yake. Wapi! Akaanza kuandika saa za rangi kupauka nyuma ya boksi. Siku ya nne aliisoma orodha yake. Saa nne, saa nane, saa tisa na nusu: hizo ndizo saa alizokuwa akitukanwa. Shemeji akija kugomba huegemeza kiwiko juu ya tangi, robo saa nzima. Mizani inampima na yeye, mashine inaona unga umejaa, pampu inatulia, na huko mbele fremu zinapulizwa upepo mtupu.

Hakumwambia. Angemwambia, angeutoa mkono kimyakimya na barua zingebaki palepale. Alingoja Ijumaa, meneja alipokuja kushuhudia barua ya tatu ikitolewa.

"Kabla sijatia sahihi," Mama Unga alisema, "naomba msimamizi anieleze makosa yangu hapahapa, kama anavyonieleza kila siku."

Shemeji hakuhitaji kubembelezwa. Alianza na uvivu, akapitia uzee, na alipofika kwenye ujeuri kiwiko kilishapanda juu ya tangi bila yeye kujua. Mama Unga akamwonyesha meneja namba za mizani. Thelathini na nne.

"Bosi, huo si unga," alisema. "Huyo ni shemeji yangu."

Meneja alimwacha msimamizi aendelee kugomba dakika kadhaa, macho kwenye namba, kisha akamwambia atoe mkono. Namba ikaporomoka hadi kumi na moja, pampu ikaanza kunguruma. Meneja akaichana barua.

Jumatatu shemeji akapelekwa stoo kuhesabu mifuko, bila cheo. Mama Unga hakumwonea huruma hata chembe, na hakujifanya anamwonea.

Jioni hiyo mdogo wake alikuja, macho mekundu, akakataa hata kukaa.

"Dada, umemwaibisha mume wangu mbele ya kiwanda kizima. Ungemvuta pembeni tu ukamwambia."

"Ulijua kuhusu barua ya tatu?"

Mdogo wake akaanza kukifunga upya kilemba chake.

"Nimekuuliza. Ulijua?"

"Aliniambia tangu Jumatatu iliyopita."

"Na Jumatano ulikuja hapa, tukala wote, tukacheka mpaka usiku."

"Ningefanyaje, dada? Ni mume wangu."

"Na mimi ni nani?"

Mama Unga akafungua mlango, akasimama ameushika mpaka mdogo wake alipotoka.