Mama Penseli na kompyuta iliyosahau mwaka

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumatatu. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anavua viatu chini ya meza, anavaa kandambili, kisha anafuta skrini kwa kipande cha shuka kuukuu kilichokatwa sawasawa na kiganja chake. Anawasha kompyuta. Anakunja mikono, anasubiri.

Maandishi mekundu yanateremka skrini nzima, halafu yanasimama.

"Imekataa," anasema, kama mtu anayezungumza na sufuria.

Anatazama saa ya ukutani. Saa nane mchana lori linatakiwa kuondoka, na bila orodha yake hakuna anayejua lori hilo lipakie nini.

Hapa ni ofisi ya lishe: chumba kimoja, madirisha mawili yenye nyavu za mbu, meza tatu, na printa inayomeza karatasi mbili kwa mpigo usipozipuliza kwanza. Kliniki ishirini na tatu hupima watoto waliodhoofu kila wiki na kuandika uzito wao kwenye kompyuta. Kazi ya mama huyu ni kukusanya uzito huo, kuupitisha kwenye programu ya takwimu, na kutoa idadi ya makopo ya maziwa ya unga ya dawa kwa kila kliniki. Mtoto wa kilo tano hapewi sawa na wa kilo nane. Ukikosea hesabu huku, kuna mtoto anayelala njaa kule.

Ofisini wanamwita Mama Penseli. Jina hilo alipewa kwa utani, naye hakulikataa.

Programu anayotumia hainunuliwi. Imeandikwa na watu wa kujitolea, wengi wao hajawahi kuwaona, na mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha. Kipande kinachopiga hesabu ya maziwa kiliandikwa na bosi wake wa zamani, mzee aliyestaafu miaka mitano iliyopita. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kompyuta, Mama Penseli akiwa na miaka thelathini na tisa.

"Kabla ya hapo nilikuwa mpima watoto," anasimulia. "Miaka tisa. Nawabeba, nawaning'iniza kwenye mizani, wananikojolea, naandika. Mzee akaniambia, wewe unayewajua watoto njoo ujue na namba zao."

Mkataba wake ni wa miezi sita sita. Umeshaongezwa mara ishirini na tano, na kila mara amekaa wiki mbili bila kujua kama ana kazi.

Ijumaa iliyopita, fundi wa kompyuta, kijana wa miaka thelathini mwenye ndevu chache anazozitunza sana, aliweka matoleo mapya ya programu zote. Leo kipande cha mzee hakikubali kusomwa. Maandishi ya mtu lazima kwanza yageuzwe kuwa lugha ya mashine, na programu ya kuyageuza, ambayo mafundi huiita kompaila, ndiyo iliyogoma.

Fundi anavuta kiti. "Shikamoo mama. Naona umeamka na wekundu."

"Marahaba. Wekundu umeuleta wewe Ijumaa. Kaa hapa tuuangalie pamoja."

Wanasoma mstari kwa mstari. Kosa liko mstari wa mia mbili kumi na mbili. Kuna kanuni iliyoitwa ifanye kazi kabla haijatambulishwa. Kompaila ya zamani ilikuwa ikinung'unika kidogo na kumpitisha mgeni. Hii mpya inafunga mlango.

"Naweza kuiambia inyamaze," fundi anasema. "Neno moja tu, inapitisha kama zamani. Dakika mbili tumemaliza."

"Usiinyamazishe."

"Mama, lori..."

"Lori nalijua. Ikisema kuna mgeni, tumuulize mgeni jina. Usiinyamazishe, mwanangu."

Ana sababu. Miaka miwili iliyopita mtu mmoja pale ofisini alinyamazisha onyo la namna hiyohiyo. Ikawa kila kisanduku kilichoachwa wazi kinasomwa kama sifuri, na mtoto wa kilo sifuri hupewa makopo sifuri. Kliniki moja ilipokea pungufu kwa wiki mbili kabla ya mtu kugundua.

"Mtu huyo ni mimi. Hakuna aliyenigombeza," anasema, akichonga penseli ambayo haihitaji kuchongwa. "Ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Ningegombezwa ningepumua."

Kumtafuta mgeni kunachukua saa mbili nzima, maana jina lake limo ndani ya faili lingine ambalo mzee aliliweka mahali alipopajua mwenyewe. Mwishowe wanaongeza mstari mmoja wa kumtambulisha. Saa nne na dakika tano kompaila inapita bila neno. Programu inapiga hesabu: watoto mia sita kumi na mmoja, kliniki ishirini na tatu.

Fundi ananyoosha mgongo mpaka unalia. "Imepita mama. Sasa kanywe chai."

Mtunza stoo ameshasimama mlangoni, mkono mbele. Ni mtu mnene, mcheshi, wa rika la Mama Penseli. Anasema vijana wake wamekaa juu ya katoni tangu saa mbili wakisimuliana mpira.

"Nipe saa moja nisome kwanza, kaka."

"Saa moja ya kusoma kitu ambacho kompyuta imeshasoma?"

Mama Penseli anampa orodha kwa shingo upande. Mtunza stoo anaondoka akipiga mluzi.

Hapo ndipo inaanza ile kazi iliyompa jina. Mama Penseli anachapa takwimu zote, kurasa kumi na nne. Kando yake anaweka kurasa za wiki iliyopita. Kwa ncha ya penseli anagusa kila namba, ya wiki hii, kisha ya wiki ile, mtoto kwa mtoto.

"Mama, utamaliza karatasi za nchi," fundi anamtania.

"Na mume wangu anasema nahesabu hata vitunguu kwenye mboga. Semeni tu."

Anaendelea. Kliniki ya kwanza, ya pili, ya tano. Midomo yake inacheza bila sauti. Saa sita kasoro dakika kumi anafika kliniki ya kumi na saba, ile iliyo ng'ambo ya mto. Penseli inasimama.

Mtoto wa kwanza, kilo sita nukta nne. Wiki iliyopita, sita nukta nne. Wa pili, tano nukta tisa. Wiki iliyopita, tano nukta tisa. Wa tatu vilevile. Anateremka mpaka chini: watoto kumi na tisa, wote vilevile.

"Mtoto mmoja kubaki alivyokuwa, nakubali," anasema polepole. "Hata wawili. Wote kumi na tisa? Mtoto akinywa maji kabla ya mizani tu anabadilika. Hawa siyo watoto wa wiki hii."

Fundi anafungua daftari la programu ya kushirikishana mafaili, yaani kumbukumbu ya kila faili lililosafiri. Nayo ni ya bure. Kila kliniki ina folda, na folda ileile iko hapa ofisini. Faili likibadilishwa upande mmoja, programu hulinganisha tarehe na kuliweka lililo jipya mahali pa la zamani. Hakuna anayehitaji kutuma kitu kwa mkono.

Anasoma, anarudia kusoma, anashika ndevu zake.

"Ijumaa saa tisa alasiri," anasema. "Halikutoka kule kuja hapa. Limetoka hapa kwenda kule."

"Maana yake?"

"Maana yake faili letu la wiki iliyopita ndilo lililoonekana jipya. Limekwenda kukalia la kwao."

Mama Penseli anapiga simu ya muuguzi wa ng'ambo. Inaita mpaka inakata. Anapiga tena. Saa sita kamili, saa sita na robo, na nusu. Uani zinasikika katoni zikitua kwenye bodi ya lori, moja baada ya nyingine. Kila inapotua, anafumba macho kidogo.

Mara ya saba, saa saba kasoro robo, sauti ya msichana inapokea ikihema.

"Samahani mama, nilikuwa kwenye mizani."

"Pole na kazi mwanangu. Ijumaa uliandika watoto wangapi?"

"Thelathini na wanne. Zile familia za bondeni zimehamia huku, si nilikuambia watakuja?"

"Mimi nina kumi na tisa."

Inasikika sauti ya kiti kikivutwa, kipanya kikibofywa.

"Mama," muuguzi anasema, sauti imeshuka. "Hata kwangu ni kumi na tisa. Niliwaandika. Naapa niliwaandika, nilikaa mpaka saa tisa."

"Najua uliwaandika. Usilie. Nisomee tarehe iliyo chini kwenye pembe ya kompyuta yako."

"Hiyo inasema tarehe mosi Januari." Anautaja mwaka, ni wa miaka kumi na mitatu nyuma. "Umeme ukikatika huwa inarudi hapo. Tumeizoea."

Fundi anafunika uso kwa mikono. Ndani ya kila kompyuta, anaeleza baadaye, kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, inayoishikilia saa hata umeme usipokuwepo. Ya kliniki ile imekufa. Kila umeme unapokatika, mashine inaamka ikidhani ni mwaka ule ilipotoka kiwandani. Ijumaa umeme ulikatika mchana. Watoto thelathini na wanne wakaandikwa kwenye faili lenye tarehe ya miaka kumi na mitatu iliyopita, na programu ya kushirikishana, kwa uaminifu wake wote, ikalifuta kama kitu kilichopitwa na wakati.

Hakuna onyo lililotokea popote. Hakuna wekundu.

"Daftari la karatasi unalo?" Mama Penseli anauliza.

"Ninalo hapa."

"Nisomee. Taratibu, mtoto kwa mtoto. Mimi naandika."

Anaandika kwa penseli kwanza, fundi anachapa nyuma yake. Kwenye mtoto wa ishirini na mbili simu inakatika. Dakika nne hakuna mtandao. Fundi anatikisa mguu mpaka meza inatetemeka, Mama Penseli anaweka kiganja juu ya goti lake bila kumtazama. Simu inarejea. Wa ishirini na tatu, kilo nne nukta nane. Mama Penseli anasita hapo, anauliza umri. Miezi kumi na minne. Anaandika.

Saa nane kasoro dakika ishirini na tano programu inatoa jibu jipya. Kliniki ya ng'ambo haihitaji makopo hamsini na mawili. Inahitaji tisini na saba.

Anatoka uani na kandambili zake, karatasi mkononi. Turubai la lori limeshafungwa kwa kamba, dereva amewasha injini. Lazima avuke mto kabla ya giza, na safari nyingine ya kule ni Jumatatu ijayo.

"Kaka, fungua."

Mtunza stoo anamtazama kama aliyetukanwa. "Nimekaza mafundo kumi na mawili haya."

"Katoni tatu zaidi, za ng'ambo. Makopo arobaini na tano."

"Si orodha ulinipa wewe mwenyewe?"

"Nilikupa. Ilikuwa na makosa. Fungua, nitakusaidia kufunga."

Anamtazama usoni, kisha anaanza kufungua fundo la kwanza. "Wewe mama," ananung'unika, "siku moja utatushusha tuhesabu na magurudumu." Lakini anawaita vijana wake, na katoni tatu zinapanda. Mama Penseli anazigusa kwa penseli zikipita: moja, mbili, tatu.

Lori linaondoka saa nane na dakika kumi na moja.

Mtu angedhani amepumua. Jumanne na Jumatano alizitumia kufukua kurasa za wiki nane zilizopita kwenye maboksi chini ya meza, akazilinganisha zote. Hakupata jingine. Za kabla ya hapo zilishachanwa kuwa karatasi za rafu, za kuandikia mambo madogo ya ofisi.

"Kwa hiyo wiki nane najua," anasema. "Kabla yake sijui, na sitajua."

Ameandika barua ya kuomba betri ishirini na tatu, moja kwa kila kliniki. Hadi tunakwenda mitamboni kuchapa habari hii, barua hiyo haijajibiwa. Mkataba wake unaisha baada ya miezi minne, nao hauna jibu.

Kitu kimoja hakuhitaji kukiombea ruhusa. Yeye na fundi wamekaa na kile kipande cha mzee wakaongeza mistari kumi na moja. Kompaila iliwakatalia mara mbili, ya tatu ikapita. Sasa programu yenyewe inaweka wiki hii kando ya wiki ile, kama alivyokuwa akifanya yeye na karatasi zake. Ikikuta kliniki ambayo watoto wake wote hawajabadilika, haitoi orodha. Inasimama. Ujumbe wa kusimama aliutunga mwenyewe.

"Mimi nitaondoka, kwa mkataba au kwa uzee," anasema. "Atakuja mtu asiyependa penseli, na siyo kosa lake. Nataka mashine ibaki na wasiwasi wangu, ili mimi nikapumzike."

Jumatatu iliyofuata tulimkuta na kandambili zake, mikono ameikunja. Saa tatu kasoro dakika tano programu inapita kliniki ya kwanza, ya pili, ya nane. Kwenye ya tisa inasimama. Fundi anausoma ujumbe kwa sauti:

"Simama. Watoto wa kliniki hii hawajabadilika hata gramu. Piga simu kwanza."

Hakuna anayecheka. Mama Penseli anavuta simu, anabonyeza namba anayoijua kwa kichwa, anaiweka sikioni. Kupitia wavu wa dirisha linaonekana lori, turubai limekunjwa pembeni, halijapakiwa hata katoni moja.

"Inaita," anasema, na kuishika penseli.