Gogo la Bei ya Mabati

Mume wangu ni seremala, na kwake mbao hazinunuliwi kwa macho. Huzigonga kwa mpini wa nyundo, hutega sikio, ndipo husema bei. Amegonga milango ya watu, vitanda vya watu, hata meza ya mama yangu siku alipokuja kuniposa. "Mguu huu umeoza," akamwambia mama. Ulikuwa umeoza kweli, na bado nilimkubali.

Mwaka ule tulikuwa na kuta nne na fedha za mabati. Zilibaki siku chache tu tukayanunue. Ndipo aliporudi nyumbani akihema, matope mpaka magotini, macho yanamwaka.

"Mama watoto, kaa chini."

"Nimekaa."

"Kuna gogo. Mti wameuangusha nyuma ya shule wajenge madarasa, sasa wanaliuza. Watu watatu wakishikana mikono hawalizunguki. Nimeligonga kutoka shina mpaka ncha. Limejaa, nakwambia, limejaa."

"Na bei?"

Akaitaja. Ilikuwa bei ya mabati yote na misumari yake.

Kila mtu huniuliza kwa nini sikukataa. Basi niseme ukweli. Aliponihesabia mbao arobaini, milango ya madarasa, vitanda, na karakana yenye mashine yake mwenyewe, moyo wangu ulienda mbio kuliko wake. Fedha nilizitoa mimi, kwa mkono wangu, kutoka sandukuni.

Trekta likalikokota gogo hadi uwanjani petu. Lilikaa juani wiki tatu tukimngoja mpasuaji mwenye msumeno wa injini. Watu walipita kulishika tu. Fundi makabati wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alilizunguka mara mbili kimya kimya, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Siku ya kupasua palijaa watu. Mume wangu, kwa mbwembwe zake, akachomoa nyundo ili wote wasikie. Akagonga.

Gogo likalia kama pipa tupu.

Watu wakashangilia ule mlio. Sisi wawili tu ndio tuliouelewa. Nilimwona akishusha nyundo, nikakumbuka yale matope ya magotini. Alikuwa ameligonga baada ya mvua ya siku mbili. Ndani kulikuwa na shimo, shimo limejaa maji, naye akasikia maji akadhani mbao. Wiki tatu za jua zikayamaliza yote.

Papo hapo fundi makabati, aliyechelewa kufika, akajipenyeza mbele. "Msipasue. Nakupa mara mbili ya ulichotoa, sasa hivi."

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Mara mbili! Niliyaona mabati yangu juu ya kuta, na ya jikoni pia. Nilimbana mume wangu mkono mpaka kucha zikazama. Pokea, nilikuwa namwambia kwa kucha. Pokea, baba watoto.

Akamkabidhi mwenzake nyundo. "Ligonge kwanza, ndugu yangu."

Fundi makabati akagonga mara moja, akarudisha nyundo, akaondoka bila kuaga.

Tulipata mbao kumi na moja. Masika yale tuliyamaliza chini ya turubai, na kwa siku sita sikumsemesha. Siku ya saba turubai likapasuka, ikabidi tusemezane. Nilikuwa nimekasirika, tena sana, na gogo lilikuwa sehemu ndogo ya hasira hiyo. Nilichoshindwa kumeza ni ile nyundo aliyomkabidhi fundi makabati. Mabati tuliyanunua moja moja kwa miaka mitatu. Siku hizi fundi makabati hanunui gogo bila kuja kumwita mume wangu aligonge, na hamlipi kitu.

Juzi alirudi nyumbani akihema, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama watoto, kaa chini."

Sikukaa. Nilijua kabla hajafungua kinywa.

"Umeligonga lini?"

"Leo. Na mvua haijanyesha mwezi mzima."

Nilitazama mabati juu yetu, yote ishirini na nne, kila moja na mwezi wake. Kisha nikavaa viatu, nikachukua nyundo, nikamwambia atangulie.