Pete Yenye Shaba

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa michezo Mutsamudu, na mikono yake haikujua kutulia. Asubuhi alidaka mipira uwanjani na wanafunzi wake, jioni akamtwangia bibi yake majani ya muhogo, na katikati ya hayo akikukuta unahangaika na mnyororo wa baiskeli alikunyang'anya spana. Nilifundisha naye mwaka mmoja kabla sijahamishiwa Moroni, kwa hiyo nasema ninalolijua. Siku nilipomwambia nakwenda kutengenezesha pete ya uchumba, hakurembua macho wala nini.

"Niletee ya kuvaa," alisema. "Nikilazimika kuivua kila saa nitaisahau mahali, na watu wa mji huu wakikiona kidole kitupu watasema umeniacha."

Nilicheka. Nilipofika Moroni kicheko kikaniisha. Sonara niliyemwendea alinitandikia pete za maua, pete za vito vilivyoinuka, pete za nyuzi za dhahabu zilizosukwa, kazi nzuri mno, na kila moja niliiona ikinasa kwenye wavu wa goli. Nikamwambia nataka pete bapa, isiyo na kito, kingo zake zisuguliwe zisikwaruze. Akaniuliza kama nimegombana na huyo mwanamke.

Nilipomweleza habari za ile mikono, alichukua pete nyembamba ya dhahabu safi na kuibana kwa vidole viwili. Ikapinda mbele ya macho yangu.

"Dhahabu safi ni laini," alisema. "Huyu wako ataimaliza kwa mwezi mmoja. Nikitia shaba itakuwa ngumu. Lakini ujue unaipeleka wapi, bwana."

Nilijua vizuri sana. Bibi wa mchumba wangu, koko kama tunavyowaita bibi zetu visiwani, alikuwa na jiwe jeusi la kupimia dhahabu, na kwake shaba ilikuwa utapeli, basi. Nilishasikia habari za posa moja ya mtaa wa jirani iliyorudishwa mlangoni kwa sababu ya mkufu aliousugua yeye kwenye jiwe hilo. Mjomba wangu, ambaye ndiye angesema kwa niaba yetu, alinishauri nipeleke dhahabu safi ikae sandukuni, kama zinavyokaa za wanawake wote. Nilikasirika, hasa kwa kuwa ushauri wenyewe ulikuwa wa busara. Nikamwambia sonara atie shaba.

Ilikuwa ile miaka ya mamluki, wazungu wa kukodiwa walioishika nchi yetu kwa bunduki. Siku mimi na Mjomba tulipovuka kwenda Mutsamudu, bandarini Moroni mmoja wao alisimama kando na bunduki huku askari wakipekua mizigo ya abiria. Nilikuwa nimeitia pete kwenye kifuko cha tasbihi. Askari alikibonyeza, akahisi shanga, akanirudishia bila kukifungua. Mjomba alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa nawaza jiwe la koko, na njia nzima baharini nilitunga hotuba ya kukiri mwenyewe kabla sijaumbuliwa.

Hotuba ilipotelea mlangoni kwa koko. Mjomba alitoa salamu ndefu, akaiweka pete juu ya kitambaa cheupe. Chini ya pazia la mlango wa ndani niliona raba za michezo za mchumba wangu. Koko alilichukua jiwe, akaisugua pete mara moja, akaisogeza ile alama iliyobaki jiweni kwenye mwanga wa dirisha.

"Mna shaba humu," alisema.

Mjomba akakohoa.

"Mna shaba, Koko," nikasema. "Nimeagiza mwenyewe, ili asiwe na haja ya kuivua." Kisha nikaeleza mpira, nikaeleza kinu, nikaeleza baiskeli, nikaeleza kupita kiasi. Zile raba hazikusogea. Nilikuwa na hakika nimempoteza, tena kwa ubishi wangu mwenyewe.

Koko aliinuka, akaingia chumbani, akakaa huko muda ambao mpaka leo sijausahau. Alirudi na kibweta kidogo, akakifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na pete ya dhahabu safi, imepindika vibaya, isingepita hata kwenye kidole cha mtoto.

"Marehemu mume wangu alinivisha hii mwenyewe," alisema. "Mwezi haukwisha, mchi ukaipinda. Nikaona haya kumwambia, nikaificha. Amekufa akidhani sikuipenda."

Akakisogeza kibweta hadi kwenye goti langu.

"Huyo fundi wako," akasema, "na hii aitie shaba."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, na kicheko nilikijua. Nilifurahi hata nikasahau kujibu, ikabidi Mjomba anijibie.

Safari ya kurudi niliilinda ile pete iliyopindika kuliko nilivyoilinda yangu. Sonara aliiyeyusha, akaichanganya, akaitengeneza upya kwa kipimo cha uzi ambao koko alijifunga kidoleni mwenyewe. Nilipompelekea hakuitafutia jiwe. Aliivaa, akanyoosha mkono akautazama, kisha akatoka uani akamwambia mjukuu wake apumzike, leo atatwanga yeye.