Sabini na Mbili

Siku Dobi alipomwona kwa mara ya kwanza, Mama Kokoto alikuwa amesimama mlangoni pa darasa akikung'uta vumbi jeupe la mawe kwenye viatu vyake, kimoja kimoja, kana kwamba anaingia nyumbani kwa wakwe. Dobi alikuwa na toroli la shuka na alitaka kupita. Lakini "naomba njia" ni maneno mawili, na kwake maneno mawili mbele ya mwanamke asiyemjua yalikuwa mazito kuliko shuka arobaini. Akasubiri.

"Kaka, pita," mama yule akasema. "Au nawe unaogopa darasa?"

Hospitali ilikuwa imegeuza stoo iliyopakana na chumba cha kufulia kuwa darasa. Humo watu wazima ishirini wasio na kipato cha maana walifundishwa kwa miezi sita, bila ada, ili wawe wahudumu wa wodi. Kulikuwa na muuza mkaa, kulikuwa na utingo wa lori aliyechoka kulala barabarani, na mama huyu, aliyegonga kokoto machimboni miaka kumi na tisa. Jina alipewa na utingo, wala hakununa.

"Kipande cha jiwe kimeshaniharibia jicho moja," aliwaambia wenzake. "Hili la pili nalihitaji. Machimboni sirudi."

Dobi aliyasikia hayo kupitia dirisha lililotenganisha darasa na mashine zake. Hakuwa mdaku; dirisha ndilo halikuwa na kioo.

Mwezi wa pili walifundishwa kuhesabu mapigo ya moyo: vidole kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa, dakika nzima. Sista aliyewafundisha, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti, aliandika ubaoni mfano, sabini na mbili, akasema asiyeliweza hilo haingii wodini. Mama Kokoto alishika mkono wa utingo, akaandika sabini na mbili. Akashika wa muuza mkaa: sabini na mbili. Sista alitazama daftari, akalifunga.

Kesho yake alimwita mbele, kwenye kitanda alicholala mdoli wa mazoezi, babu wa plastiki aliyevalishwa pajama.

"Mpime huyu."

Mama Kokoto alikishika kifundo cha plastiki kwa heshima zote, akaitazama saa dakika nzima.

"Ngapi?"

"Sabini na mbili."

Darasa likaangua kicheko. "Jamani, mama kafufua plastiki," utingo akasema. Kumbe mama hakuwahi kusikia mapigo ya mtu yeyote, kwa hiyo hakuona tofauti kati ya yule babu na utingo.

Sista hakucheka. "Mgonjwa anayezimika, ukimwandikia sabini na mbili, nani atamkimbilia? Nakupa wiki mbili. Ukishindwa, nafasi yako nampa mwingine."

Mchana ule mama alikaa kwenye ngazi ya chumba cha kufulia. Siku nyingine Dobi angepita mlango wa nyuma. Siku hiyo alikunja shuka moja mara tatu, kisha akasema:

"Vidole."

"Vidole vimefanya nini?"

"Vina sugu."

Mama akavigeuza, akavitazama. "Naweza kubeba kaa la moto kwa vidole hivi. Lakini mshipa wa mtu siusikii ng'o. Nikaona haya kusema. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, nikaseme sisikii?"

Dobi akajaza beseni maji ya vuguvugu na sabuni, akaliweka mbele yake.

Kila siku baada ya darasa mama alilowesha mikono, akaisugua kwa jiwe la kusugulia visigino, akaipaka mafuta ya mgando. "Jiwe lilinitia sugu, na jiwe linanitoa," alisema. Baada ya siku tisa ngozi ililainika, lakini mshipa bado aliukosa. Ndipo Dobi, akitazama sakafu, akanyoosha mkono wake mwenyewe. Mama akaudaka. Vidole vya Dobi vikaanza kufa ganzi.

"Mama, umeshika nyundo," akasema. "Sweta ya mtoto mchanga haikamuliwi kama shuka. Unaiwekea mkono tu, maji yanatoka yenyewe."

Hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka ule. Mama akalegeza. Jicho lake zima likatanuka.

"Kuna kitu kinagonga," akanong'ona. Akahesabu, halafu uso ukamshuka. "Nimekosea tena. Mia na kumi na nane, mtu amesimama tu?"

Dobi alijua hajakosea. Angeweza kunyamaza, na mama angerudi machimboni akiamini vidole vyake vinamdanganya.

"Hujakosea," akasema. "Ni mimi. Mimi naogopa watu. Ukinishika, moyo unakimbia."

Mama hakucheka. "Basi wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza," akasema, akahesabu upya.

Siku ya mtihani mlinzi aliyeahidi kupimwa hakutokea. Sista akamwona Dobi akipita na toroli. "Njoo ulale hapa dakika moja."

Mashine zilikuwa zikizunguka. Udhuru alikuwa nao. Aliliacha toroli, akavua viatu, akalala mbele ya macho arobaini. Mama alishika mkono wa kulia, Sista wa kushoto.

"Andika sabini na mbili, mama, yaishe," utingo akanong'ona.

Mama akaandika mia moja ishirini na nne. Darasa likaguna. Sista akasoma karatasi, akamtazama Dobi.

"Mimi nimepata mia moja ishirini na tano. Moja si kitu. Umefaulu. Dobi, unaumwa?"

"Haumwi, Sista," mama akamjibia. "Mko wengi tu."

Mama Kokoto alimaliza mafunzo, akapangiwa zahanati ya mbali. Asubuhi ya kuondoka alipitia chumba cha kufulia, amevaa sare ambayo Dobi mwenyewe alikuwa ameipiga pasi. Hakuaga kwa maneno. Alishika kifundo cha Dobi, polepole, akaitazama saa ya ukutani dakika nzima. Dobi aliusikia moyo wake ukipiga kama mashine inayokamua mablanketi.

"Ngapi?" akauliza.

"Sabini na mbili, kaka. Na usibishane na mtaalamu."