Kunde za Mbegu

Mwaka ule bustani ilizaa kupita kiasi, na mimi sikufurahi hata kidogo. Najua hayo ni maneno ya kufuru, Mungu anisamehe, lakini nikisema nilifurahi nitakuwa naongopa. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, jua linachoma mpaka mchanga wa uani haukanyagiki, na Ramadhani ilitukuta katikati ya mavuno. Nyuma ya nyumba yetu hapa Kirongwe kuna kipande cha ardhi baina ya mnazi mmoja na mikorosho mitatu, hakizidi uwanja wa netiboli wa shule. Humo mlikuwa na nyanya, bamia, biringanya, matango, maboga na kunde, na vyote viliamua kuwa tayari wiki moja.

Mtu asiyelima akisikia mavuno anaona raha tu. Huyo halijui bamia. Bamia ukiliacha siku mbili limekomaa, halikatiki kwa kisu wala kwa jino. Kwa hiyo unachuma leo, unachuma kesho, unachuma keshokutwa, na mikono inakuwasha mpaka kwenye viwiko. Nyanya ukizichelewesha zinapasuka, ndege wanazimaliza. Nilikuwa nakula daku, naswali, naingia bustanini kabla jua halijapanda, na ikifika saa tatu asubuhi mgongo umeshakataa. Kiu nayo imeshaanza, na magharibi iko mbali.

Nilijaribu kuuza. Nilipeleka ndoo mbili za nyanya Kilindoni kwa bodaboda, nikakuta soko zima ni nyanya, kila mtu kavuna. Nilirudi na ndoo moja na nusu, zimepondeka, na maji yake yamemlowanisha dereva mgongo mzima. Hakusema kitu, labda kwa sababu alikuwa amefunga.

Basi kilichobaki kilikuwa ni kugawa, na huko ndiko kwenye kazi yenyewe. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea kitu kwenye bakuli, utalirudisha bakuli lake na kitu ndani, na kiwe kitu cha maana, si cha kuziba midomo. Sasa jaribu kuishi na desturi hiyo mwezi wa Ramadhani, mwaka ambao kila nyumba imejaa bamia. Nampelekea mmoja biringanya, sahani inarudi na matango. Nampelekea mwingine matango, yanarudi mabiringanya, na naapa mengine niliyatambua kuwa ni yangu. Mimi nahangaika kupunguza mzigo, mzigo unazunguka mtaa mzima halafu unakuja kulala kwangu.

Bustani haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, mchana anaona mwanga na vivuli, basi. Hata hivyo kila asubuhi alishika kamba tuliyoifunga kutoka mlango wa uani mpaka kwenye tuta la kwanza, akaifuata, akakaa chini, akapalilia kwa vidole. Gugu na mmea alivijua kwa kuvishika. Lakini kuteka maji, kuchuma, kubeba, kupura na kupepeta, kazi hizo zilikuwa za nani? Kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Dada yetu ametangulia mbele ya haki. Nilibaki mimi, mjane wa miaka hamsini na ushei, na magoti yangu haya mabovu.

Kaka alikuwa ameshapanga kila kitu. Alitaka mama aende kwake, atibiwe macho, akae huko huko karibu na hospitali. Kwa miaka miwili alikuwa akipiga simu, na jibu la mama lilikuwa lile lile: "Nikishapanda." Masika ikija, anapanda. Akishapanda, lazima avune. Akishavuna, lazima achague mbegu. Akishachagua, mvua nyingine hiyo inakuja. Na mimi, niseme kweli, kila simu ya kaka ilipolia niliomba moyoni safari hii akubali. Nilitaka apone. Nilitaka na mimi nipumzike. Sijui lipi lilikuwa kubwa.

Kilichomshikilia ni kunde. Kunde zile alikuja nazo kutoka kisiwa cha Juani alipoolewa, zimefungwa kwenye pindo la kanga, kapewa na mama yake mzazi. Ni ndogo, rangi ya maziwa, na zikipikwa kwa nazi zinalainika bila kupasuka. Kila mwaka mbegu alizichagua yeye, hakumwachia mtu. Macho yalipofifia akawa anachagua kwa kushika. Anaokota punje moja, anaizungusha baina ya kidole gumba na cha shahada, anatafuta kitundu cha mdudu, anatafuta mkunjo, anapima uzito. Ikifaa anaitia kwenye ungo wa mkono wa kulia. Isipofaa inakwenda kushoto, ya kula. Ramadhani ile alikaa barazani siku tatu na swaumu yake, punje moja moja, mpaka akapata kama kibaba.

"Ungo wa karibu na mlango ni wa kula," akaniambia alipomaliza. "Wa kule kwenye mtungi ni wa mbegu. Usiuguse."

Nikamwambia sawa, nimesikia. Ukweli nilikuwa nawaza maji ya kuoga.

Kosa lilianza na ufagio. Siku ya nne asubuhi nilifagia baraza, nikaziondoa nyungo zote mbili nikaziweka kitandani, nilipomaliza nikazirudisha. Upi niliurudisha mlangoni na upi kwenye mtungi, sikuangalia. Kwangu mimi zilikuwa nyungo mbili za kunde, na zilikuwa zimenizuia kufagia.

Halafu kulikuwa na bakuli. Bakuli la bati, la buluu, la jirani yangu wa upande wa pili wa ua. Alikuwa ameniletea pweza mkavu ndani yake, pweza mzuri, na bakuli lilikuwa limekaa jikoni kwangu siku tano. Siku tano ni aibu. Lakini nilirudishe na nini? Nyanya anazo kunishinda. Bamia mwenyewe anawapa kuku. Kitu pekee ambacho hana ni kunde, kwa sababu zake zililiwa na mbuzi zikiwa changa. Kila nikiingia jikoni naliona limekaa pale. Asubuhi ile nikasema, wewe leo unaondoka. Nikatoka nalo barazani, nikachota kwenye ungo wa karibu na mlango, kama nilivyoambiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilipochota, niliziona. Zilikuwa safi, zote sawasawa, hakuna hata moja iliyobunguliwa. Ule ungo mwingine ulikuwa pale pale mbele yangu, na zake zimesinyaa na kutoboka, mtu yeyote mwenye macho angejua. Mimi nikajisemea, hizi ndizo za kumpelekea mtu, asije akasema nimemrudishia makapi. Nikajaza bakuli mpaka ungo ukabaki mtupu. Hata kuumaliza ungo hakukunishtua. Nilitaka bakuli langu lisifiwe na nilitaka litoke jikoni, basi, hayo mawili tu.

Na kweli lilisifiwa. Jirani alilipokea juu ya ua, akaingiza mkono ndani, akacheka. "Shoga, hizi umekaa ukazichagua moja moja?"

"Mama huyo," nikamjibu, nikaenda zangu kuchuma bamia.

Jioni, adhana bado kidogo, nikasikia hodi. Jirani kasimama na bakuli la buluu, limefunikwa kwa kawa. "Nimezipika zote, tena nazi mbili. Mpe mama afuturu nazo." Nilipokea, nikashukuru, na moyoni nikachoka kabisa, maana nililifikiria bakuli tu. Sikupata hata siku moja bila bakuli lile.

Mama alifungua kwa tende na maji, akaswali akiwa amekaa, akasogea mkekani. Nikamsogezea bakuli. Akachota kijiko cha kwanza, akatafuna, akaacha. Akachota cha pili. Kisha akaitoa punje moja mdomoni, akaizungusha baina ya kidole gumba na cha shahada, taratibu.

"Kunde hizi zimetoka wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani hana kunde. Zililiwa na mbuzi."

Mama akanyanyuka, akapapasa ukuta mpaka barazani, na mimi nikabaki nimekaa nasikiliza mkono wake unakwaruza ungo mtupu. Akahamia kwenye ungo wa pili, akatia vidole, akavitoa. Akarudi kwa ukuta ule ule, akakaa mahali pake, akavuta bakuli.

"Mama, nisamehe. Nilifagia, nikazibadilisha bila kujua..."

"Kula," akasema. "Chakula cha watu hakitupwi. Kazipika vizuri."

Akala. Alikula kijiko baada ya kijiko mpaka bakuli likaisha, mimi sikuweza kumeza hata punje. Akanawa mikono, akajifuta kwa kanga. "Mpigie kaka yako," akasema. "Mwambie baada ya Idi nakuja."

Miaka miwili nilikuwa nimeyangojea maneno hayo. Simu ilikuwa karibu yangu, ina chaji, ina salio, nami nikashindwa kuinyanyua. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo huku nalia, na nililia kwa aibu zaidi kuliko huzuni.

Asubuhi yake nilimkuta kakaa barazani, mikono mapajani, haifanyi kazi yoyote. Sikuwahi kuiona imekaa hivyo. Nikauchukua ule ungo wa kula, nikauweka katikati yetu, nikakaa chini, magoti yakalia.

"Tuchague tena," nikasema.

"Hizo nimeshazikataa."

"Zikatae tena nikiwepo."

Alisita, kisha akanyoosha mkono. Nikaanza kumpa. Hii? Hapana. Hii? Hapana. Hii? Hapana. Mabamia yakakomaa siku ile, nyanya zikapasuka, na jirani akapiga hodi na sahani nyingine nikamwambia aiweke hapo hapo. Zilikuwa kunde za aina ile ile ya Juani, lakini zilizosinyaa, zilizotobolewa, zilizochumwa kabla ya wakati, na ukipanda hizo mwaka mmoja, miwili, aina yenyewe inadhoofika mpaka inakwisha. Alikuwa anatafuta zilizomponyoka mwanzo. Mara chache sana alikaa na punje kidogo, akaiweka kwenye kiganja changu. "Shika. Unasikia uzito?" Sikusikia kitu. Akanipa mbaya, nishike zote mbili. Bado. Tukaendelea, mimi nimechoka, kiu imenikaba, mgongo hauna hali. Alasiri ilipoingia akaniwekea moja kiganjani bila kusema, nami nikasema, "Hii ndiyo." Akatikisa kichwa kukubali.

Tulipata arobaini na moja. Hazikujaza hata kiganja. Nikamsogezea kanga yake azifunge kama alivyozoea, naye akausukuma mkono wangu, akatafuta pindo la kanga yangu mimi, akazifunga humo, fundo gumu.

"Utazipanda wewe," akasema. "Mimi nitakuwa huko."

Ndipo nikampigia kaka. Na lile bakuli la buluu nililirudisha na nyanya, atakayechukia achukie.

Baada ya Idi kaka alikuja kumchukua. Niliwasindikiza mpaka bandarini Kilindoni, mama kashika mkono wangu njia nzima. Wakati wa kuagana aliniambia mambo mawili: nisichelewe mvua ya pili, na shimo moja punje moja. Boti ikaondoka, nikarudi Kirongwe kwenye nyumba isiyo na mtu wa kupapasa ukuta.

Nilikuwa nimeapa zamani kwamba siku mama akiondoka nitaiacha bustani iwe nyasi, nilale mpaka saa mbili kama watu wengine. Mvua ya kwanza ilinyesha nikalala kweli. Ilipopiga ya pili nilikuwa chini, nimeinama, natoboa udongo kwa kidole, shimo moja punje moja, arobaini na moja. Nilimaliza siwezi kujinyoosha. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Wiki iliyofuata kaka alipiga simu. Mama kafanyiwa jicho moja, anaona, jana kamwambia shati lake limechakaa. Akampa simu. Nilitegemea aniulize hali, aniulize magoti. Hakuuliza.

"Zimeota ngapi?"

Nikatoka uani na simu sikioni. Nikazihesabu kwa sauti, yeye anasikiliza, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tisa. Nikadhani nimeruka, nikarudi mwanzo wa tuta, nikahesabu tena. Kumi na tisa.

Nikasikia magari ya huko Dar yanapita.

"Zitatosha," akasema. "Ila usizile."

Nikamwambia sitazila.